Uzito wa Hewa, na Jinsi Ziwa la Tanganyika Lilivyopimwa

Mwezi wa Februari mwaka 1858 msafara wa Richard Burton na John Hanning Speke ulifika Ujiji, baada ya miezi saba na zaidi ya safari kutoka pwani. Burton alikuwa mgonjwa hata hawezi kutembea, na Speke alikuwa karibu kipofu kwa maradhi ya macho. Hata hivyo walikuwa na kazi zao za kutimiza, na mojawapo ya kazi hizo ilikuwa kuchemsha maji. Hayakuwa maji ya kunywa. Walitia kipimajoto, wakasoma joto lililokuwapo maji yalipochemka, nao wakaandika kwamba ziwa la Tanganyika liko futi 1,844 juu ya bahari, yaani mita 562.

Hesabu hiyo ilikosea kwa mita zaidi ya 200, maana ziwa liko mita 773 hivi juu ya bahari. Kosa lake liliingia katika ugomvi mkubwa wa karne ile juu ya chanzo cha mto Nile, likakaa humo miaka mingi.

Mwanafunzi atauliza, na ana haki ya kuuliza: Maji ya sufuriani yajuaje kama yako bondeni au mlimani? Ili kumjibu yatupasa kurudi nyuma miaka mia mbili na zaidi, hata visimani katika nchi ya Italia.

Mafundi wa visima wa huko walijua kwamba bomba la kuvuta maji lina mpaka wake. Maji yalipanda dhiraa 18, kama mita 10, yakasimama. Fundi aliweza kuziba kila tundu, kubadili ngozi ya pistoni, na kuongeza watu wa kuvuta. Maji yalisimama pale pale. Sasa, wenye elimu wa zamani, wakimfuata Aristotle, walifundisha kwamba maumbile huchukia utupu. Pistoni ikivutwa juu, walisema, maji huifuata mbio, kwa sababu hayawezi kuacha mahali patupu nyuma yake. Maneno hayo yaliwatosha watu kwa miaka mingi. Lakini kama maumbile yanachukia utupu, mbona chuki yake yakoma kwenye dhiraa 18? Galileo alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638, naye akadhani kwamba nguzo ya maji ikizidi kuwa ndefu hukatika kwa uzito wake yenyewe, kama kamba ndefu iliyoning'inizwa. Hata mtu mwenye akili kama Galileo aliutafuta ujuzi ndani ya bomba, hali jibu lilikuwa nje yake.

Aliyetazama nje ni Evangelista Torricelli, aliyekaa na Galileo katika miezi ya mwisho ya maisha yake. Aliwaza kwamba kama ni uzito unaotawala jambo hili, basi kitu kizito kuliko maji kitasimama chini zaidi. Akachagua zebaki, ambayo ni nzito kuliko maji mara 13 na nusu na zaidi kidogo. Mrija wa kioo wenye urefu wa dhiraa mbili, uliozibwa upande mmoja, ukajazwa zebaki. Ukafunikwa kwa kidole, ukapinduliwa ndani ya bakuli la zebaki, kidole kikaondolewa. Zebaki ikashuka kidogo, ikasimama kwenye urefu wa sentimeta 76 hivi juu ya bakuli. Zidisha 76 kwa 13.6, nawe utapata sentimeta 1,034, na hizo ndizo mita 10 za mafundi wa visima.

Katika barua aliyoiandika mwezi wa Juni 1644, Torricelli alieleza kwamba wanadamu twaishi chini kabisa ya bahari ya hewa, na hewa hiyo ina uzito. Hakuna kinachoivuta zebaki kutoka ndani ya mrija. Hewa iliyo nje yaikandamiza zebaki ya bakulini, na zebaki ya mrijani hupanda mpaka uzito wake unapolingana na mkandamizo huo. Ni kama mizani: upande mmoja nguzo ya zebaki, upande wa pili nguzo ya hewa inayopanda hata mwisho wa anga. Kila mraba wa sentimeta moja wabeba hewa yenye uzito wa kilo moja na kidogo. Kitabu kilicholazwa mezani, chenye upana wa sentimeta 10 na urefu wa sentimeta 10, kimelaliwa na hewa ya kilo mia moja na zaidi. Nasi twakiinua kwa vidole viwili, maana hewa iliyopenya chini yake yasukuma juu kwa nguvu ile ile. Nguvu hii inayosukuma kila upande, katika kila sehemu ya uso wa kitu, ndiyo tuiitayo mgandamizo.

Kama tumezama katika bahari ya hewa, basi apandaye mlima aukaribia uso wa bahari hiyo, na hewa iliyobaki juu yake ni chache. Blaise Pascal wa Ufaransa aliona kwamba hapo ndipo pa kulijaribu neno la Torricelli. Mwenyewe alikuwa mbali, tena afya yake ilikuwa dhaifu. Kwa hiyo akamwandikia shemeji yake, Florin Périer, aliyekaa Clermont chini ya mlima wa Puy de Dôme, wenye urefu wa mita 1,465.

Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alikusanya mashahidi katika bustani ya nyumba ya watawa mjini. Akajaza mirija miwili kwa zebaki ile ile, akaona kwamba yote miwili yasimama sawasawa, kama sentimeta 71. Mmoja akauacha bustanini pamoja na mtawa mmoja, akimwagiza autazame mchana kutwa. Wa pili wakapanda nao mlimani. Kileleni zebaki ilisimama kwenye sentimeta 63 hivi. Ilikuwa imeshuka zaidi ya sentimeta 8, na wenyewe wakastaajabu. Wakapima tena na tena, mahali wazi na mahali pa kujikinga na upepo, katika jua na katika ukungu, na jawabu lilikuwa lile lile. Waliporudi chini zebaki ilikuwa imepanda tena hata mahali pake pa asubuhi. Na yule mtawa akasema kwamba mrija wake haukutikisika siku nzima.

Kwangu mimi huyu mtawa wa bustanini ndiye mtu mkubwa wa siku ile kuliko wote waliopanda. Pasipo yeye, mbishi angeweza kusema kwamba hewa ilibadilika kwa saa zile, kwa mvua au kwa jua, wala si kwa mlima. Mwalimu anayewaonyesha watoto majaribio na asiache kitu cha kulinganisha ni sawa na Périer aliyepanda na mrija mmoja tu.

Tangu siku ile baromita ikawa kipimo cha urefu wa nchi. Karibu na usawa wa bahari zebaki hushuka milimeta moja kwa kila mita 11 hivi za kupanda, na kadiri mtu apandavyo, yambidi kupanda zaidi ili zebaki ishuke milimeta nyingine.

Mambo mengine ya wakati ule nitayapita upesi. Otto von Guericke, mkuu wa mji wa Magdeburg katika Ujerumani, aliunda bomba la kutolea hewa, akaunganisha nusu mbili za tufe la shaba, akatoa hewa iliyokuwa ndani. Farasi 16, wanane kila upande, walivuta kwa shida kuzitenganisha. Watu wengi wamesikia habari ya farasi hao. Lakini kazi ya Robert Boyle, aliyesaidiwa na Robert Hooke huko Uingereza, ilizidi kuleta nuru. Kitabu chake cha mwaka 1660 kilionyesha kwamba hewa haina uzito tu, bali ina namna ya kunyumbuka, kama sufi iliyobanwa mkononi: ukiilegeza, yatanuka. Na mwaka 1662 akatangaza kanuni yake: hewa ikibanwa hata nafasi yake iwe nusu, mgandamizo wake huwa mara mbili, mradi joto lisibadilike.

Katika majaribio ya Boyle liko moja ambalo ndilo litakaloturudisha Ujiji. Alitia maji ya moto, yasiyochemka, katika chombo cha kioo, akatoa hewa iliyokuwa juu yake. Maji yakaanza kuchemka pasipo moto wo wote chini yake. Msaidizi wake wa baadaye, Denis Papin, alilipindua jambo hilo. Mwaka 1679 aliwaonyesha wataalamu wa London chungu cha chuma kilichofungwa sana, ambacho mvuke hauwezi kutoka. Mgandamizo ulipanda ndani, maji yakawa moto kuliko maji yo yote ya chungu cha wazi, na mifupa migumu ikalainika. Ili chungu kisipasuke Papin alikitia mlango mdogo wenye uzito juu yake, unaofunguka mvuke ukizidi. Sufuria za mvuke zinazopiga filimbi katika majiko ya leo ni wajukuu wa chungu kile.

Sababu ya mambo haya ni hii. Maji yanapopata moto hutoa mvuke, na mvuke huo nao una mgandamizo wake. Maadamu mgandamizo wa mvuke ni mdogo kuliko wa hewa iliyo juu, mapovu hayawezi kutokea ndani ya maji. Yakianza tu, hewa yayabana yakafa. Joto likiongezeka hata nguvu ya mvuke ikalingana na nguvu ya hewa, mapovu hushinda, nasi twasema maji yamechemka. Basi kuchemka ni mashindano baina ya mvuke na hewa. Penye hewa nyingi juu, mvuke wahitaji joto jingi ili ushinde. Penye hewa chache, joto dogo latosha. Ndiyo maana akina mama wa miteremko ya Kilimanjaro huyangoja maragwe kwa muda mrefu kuliko wenzao wa Tanga. Moto wao si mbaya. Maji yao huchemka mapema, kabla ya kuwa moto kama yale ya pwani, wala kuongeza kuni hakutayapa joto zaidi, bali kutayakausha.

Mwaka 1724 Fahrenheit, mtengenezaji wa vipimajoto, alikuwa amekwisha kutambua kwamba kipimajoto katika maji yanayochemka chaweza kufanya kazi ya baromita. Mwaka 1787 Horace-Bénédict de Saussure alichemsha maji juu ya kilele cha Mont Blanc, akayaona yakichemka kwenye nyuzi 86 hivi za sentigredi badala ya 100. Kwa wasafiri wa nchi za mbali habari hii ilikuwa msaada mkubwa. Baromita ya zebaki ni mrija mrefu wa kioo. Mpagazi akijikwaa mara moja, imekwisha. Kipimajoto huingia mfukoni.

Lakini chombo kidogo kina hatari yake. Kupanda mita 300 hivi hupunguza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi moja tu ya sentigredi. Kwa hiyo kosa la nyuzi moja, ambalo halidhuru kitu mtu akipima joto la bafu, humwinua mpimaji au humshusha kwa mita 300 nzima. Kosa la Ujiji la mwaka 1858 tukiligeuza kuwa joto lapata sehemu saba za kumi za nyuzi moja. Maji ya Ujiji huchemka kwenye nyuzi 97.4 hivi, kwa hesabu ile ya futi 1,844 ni kana kwamba yalichemka kwenye 98.1. Wala si jambo la kumcheka mtu aliyesoma kioo chembamba huku macho yake yakiuma.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Speke, akiwa peke yake na watu wake, alifika kusini mwa ziwa la Nyanza karibu na Mwanza. Akachemsha maji tena, akapata futi 3,700 na zaidi. Safari hii jawabu lilikuwa karibu kabisa na kweli, kwa maana ziwa hilo liko mita 1,134 juu ya bahari, sawa na futi 3,720. Kwa Speke urefu huu ulikuwa ushahidi: ziwa lililo juu namna hii, kubwa namna hii, laweza kuilisha Nile. Burton hakukubali.

Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala uliotazamiwa baina yao mjini Bath. Mwaka ule ule Burton akatoa maoni kwamba Tanganyika ndilo lililo chanzo: maji yake hutoka upande wa kaskazini kwa mto Rusizi, yakaenda mpaka ziwa la Albert na Nile. Lakini Samuel Baker alikuwa amefika ziwa la Albert mwezi wa Machi 1864, naye alipochemsha maji yake alipata urefu wa futi 2,720. Basi, maji ya ziwa lililo kwenye futi 1,844 yatapandaje mpaka kwenye futi 2,720? Wafuasi wa Burton wakajibu kwamba kipimajoto cha mwaka 1858 hakiwezi kuaminiwa. Hivyo ugomvi wa mto ukawa ugomvi wa nyuzi za joto.

Leo twajua jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelijua. Vipimo vyote viwili vilikosea, kimoja kwa kushuka na kingine kwa kupanda. Albert liko mita 619 hivi tu juu ya bahari, na Tanganyika mita 773. Tanganyika ndilo la juu! Waliomkataa Burton kwa sababu ya urefu walishikilia sababu isiyokuwapo. Burton, aliyekitilia shaka kipimajoto, alikuwa na haki ya kukitilia shaka. Na pamoja na hayo yote Burton ndiye aliyekosa katika habari ya mto.

Jambo linalonisikitisha katika habari hii ni kwamba jibu lilikuwa limekwisha kutolewa. Mwezi wa Aprili 1858 Burton na Speke walisafiri kwa mitumbwi hata Uvira, karibu na mwisho wa kaskazini wa ziwa. Huko wana watatu wa mtawala wa mahali pale walikuja kuwaona, wakaulizwa habari za Rusizi. Wakasema wote kwa kauli moja kwamba mto huo waingia ziwani, hautoki. Na watu waliokuwa wamesimama pale wakakubali. Burton mwenyewe aliyaandika maneno hayo katika kitabu chake cha safari. Baadaye, ushindani ulipomshika, aliyaweka kando. Watu wa Uvira hawakuwa na zebaki wala kioo, lakini kila siku walipiga makasia mahali pale, na mtu anayepiga makasia ajua maji yaelekea wapi.

Wakati Burton na Speke walipokuwa njiani, katika Ulaya kulikuwa na kazi nyingine iliyohusu jambo hili hili. Daniel Bernoulli alikuwa ameandika mwaka 1738 kwamba hewa ni chembe ndogo mno zinazoruka huku na huku, na mgandamizo wake ni mapigo ya chembe hizo juu ya kuta za chombo. Ukibana nafasi, mapigo huzidi. Ukiongeza joto, chembe huenda mbio zaidi. Maneno haya yalilala karibu miaka mia moja. Mwaka 1857 Rudolf Clausius aliyasimamisha upya kwa hesabu, na mwaka 1860 James Clerk Maxwell akayaendeleza. Ndipo ilipoeleweka kwa nini hewa ya Boyle hunyumbuka kama sufi, na kwa nini joto na mgandamizo haviachani. Uzito wa Torricelli haukukanushwa. Chembe zile zile zinazopiga ndizo zinazovutwa chini na dunia, zikarundikana kwa wingi bondeni na kwa uchache mlimani.

Habari ya Rusizi ilikatwa mwishoni mwa mwaka 1871. David Livingstone na Henry Morton Stanley, baada ya kukutana Ujiji, walikwenda kwa mtumbwi hata kaskazini mwa ziwa, wakauona mto ukiingia kwa nguvu. Maneno ya wana wa Uvira yalikuwa kweli. Lakini yalibaki maswali: kama mito yote yaingia, maji hutokea wapi? Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliuzunguka upande wa kusini wa ziwa kwa mashua, akafika upande wa magharibi kwenye mto Lukuga. Humo aliona mkondo wa maji ukitoka ziwani kwenda magharibi, kwenye Lualaba, na Lualaba ni Kongo, si Nile.

Mkuu wa msafara wa Cameron alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akapelekwa Bara Hindi, akarudi huru. Yeye alikuwa pamoja na Burton na Speke mwaka 1858 kipimajoto kilipotiwa katika maji kwa mara ya kwanza, na mwaka 1871 alikuwamo katika msafara wa Stanley.